Mafuta ya rozimeri na mchaichai ya kutengeneza nyumbani: nimekosea wapi?

Mama wa Sakina (Arusha)

Ndugu wasomaji, habari za kutwa. Naishi Sakina, katika nyumba iliyozungukwa na ua wa rozimeri alioupanda marehemu mama mkwe wangu, na kila tunapoupogoa ule ua mikono yetu hunukia hadi usiku. Nyuma ya jiko nina mchaichai uliofunga mashina mengi kuliko tunavyoweza kuunywa, na kando ya bomba kuna kivumbasi kilichoota chenyewe. Kwa muda mrefu nimeona uchungu kuyatupa matawi yale shimoni huku dukani nikinunua mafuta ya nywele yaliyoandikwa kuwa yana rozimeri, ambayo nikiyanusa sisikii rozimeri yoyote.

Mwezi Juni niliamua kujaribu mwenyewe. Nilinunua lita moja ya mafuta ya nazi katika soko la Kilombero, nikachuma majani mabichi ya rozimeri na mchaichai, nikayaosha vizuri, nikayajaza katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikamimina mafuta na kuiweka dirishani. Siku ya pili asubuhi mafuta yalikuwa yameganda meupe kama samli, nikaisogeza chupa karibu na jiko ili yayeyuke. Baada ya wiki mbili nilipofungua nilikuta utando mweupe wenye manyoya juu ya majani yaliyochomoza, maji yenye ukungu chini ya chupa, na harufu ya kuchacha iliyonikatisha tamaa. Nilimwaga yote. Mara ya pili niliyaweka majani na mafuta katika sufuria moja kwa moja juu ya jiko la mkaa ili maji yakauke; majani yakawa ya kukaanga, na mafuta yakanukia mboga.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Nilikosea wapi? Kwa nini vile vichupa vidogo vya dukani vina harufu kali kiasi kwamba tone moja hujaza chumba, ilhali mafuta yangu hata kabla ya kuharibika yalinukia kwa mbali tu? Na je, ni busara kwa mtu wa kawaida kutengeneza nyumbani mtambo wa kukeneka, yaani wa kutoa mafuta kwa mvuke? Ningependa kwanza mafuta ya familia, wakiwemo wajukuu wangu wawili, na Mungu akijalia baadaye tuyatengeneze katika kikundi chetu cha akina mama kwa ajili ya kuuza.

Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Mama wa Sakina, nimelisoma swali lako mara mbili na nimefurahi kwamba umeeleza hatua zako zote bila kuficha, kwa sababu jibu limo humo humo. Nimefundisha kemia sekondari hadi nilipostaafu, na mke wangu hutengeneza mafuta ya rozimeri kila mwaka, hivyo nayajua mambo haya darasani na jikoni.

Kwanza ondoa hofu kuhusu kuganda, kwa kuwa kuganda hakukuwa kuharibika. Mafuta ya nazi huyeyuka katika nyuzi joto 24 hivi, na usiku wa Juni na Julai Arusha hushuka chini ya nyuzi joto 15, kwa hiyo hayana budi kuganda, nayo yakipata joto hurudi kama yalivyokuwa. Jambo lililoyaharibu ni maji. Zaidi ya nusu ya uzito wa jani bichi la mchaichai ni maji, na wewe uliongeza mengine ulipoyaosha bila kuyakausha. Mafuta na maji hayachanganyiki, na maji ni mazito zaidi, basi yalishuka chini ya chupa na kuwa makao ya bakteria, na ule ukungu ukaota juu kwenye majani yaliyopata hewa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Umeuliza juu ya mafuta ya aina mbili ukidhani ni aina moja. Harufu ya mmea hutokana na mafuta yake mwenyewe, machache sana, ambayo hugeuka mvuke na kuruka hewani kwa urahisi. Wanakemia huyaita mafuta tete. Vichupa vidogo vya dukani, vikiwa halisi, vina mafuta tete peke yake, yaliyotolewa kwa mvuke kutoka katika rundo kubwa la majani. Wewe ulilowesha majani katika mafuta ya nazi ili yale mafuta tete machache yahamie humo, na bila shaka harufu huwa hafifu kwa sababu imetawanyika katika lita nzima. Hayo yaliyolowekwa hupakwa kama yalivyo, lakini mafuta tete hayapakwi kamwe bila kuzimuliwa. Ukishaamua unataka lipi kati ya hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa matumizi ya familia ningekushauri uanze na ya kuloweka, na ufanye hivi. Chuma rozimeri asubuhi baada ya umande kukauka, ifunge vifungu vidogo na uvitundike vichwa chini mahali penye kivuli na upepo. Usiianike juani, kwa maana jua hulipeperusha lile lile unalolitafuta. Katika miezi yenu ya mawingu yaweza kuchukua hata wiki mbili. Utajua imekauka pale jani linapokatika kwa mlio badala ya kupinda. Mafuta ya rozimeri yamo katika vijifuko vidogo sana vilivyo juu ya ngozi ya jani, hivyo huhitaji kuisaga, kuivunja kwa vidole kunatosha. Mchaichai ni tofauti, kwa kuwa mafuta yake yamefungiwa ndani ya jani, na usipoukatakata vipande vidogo hautatoa kitu.

Pima gramu 50 za majani makavu kwa nusu lita ya mafuta, uvitie katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, kisha uisimamishe chupa hiyo ndani ya sufuria ya maji yenye kitambaa chini ili kioo kisiguse sufuria. Moto uwe mdogo, mafuta yabaki kati ya nyuzi joto 50 na 60 kwa saa tatu hivi. Kipimajoto cha jikoni si ghali na kitakuepusha na kukaanga kama ulivyokaanga mara ya pili. Juu ya chupa weka kitambaa safi badala ya mfuniko, kwa sababu mfuniko hutoa jasho nalo hudondokea ndani. Yakipoa, chuja kwa kitambaa cha pamba, uyaache yatulie usiku kucha mahali penye joto kidogo, na asubuhi uyatazame kwenye mwanga. Ukiona mstari wowote wa maji au ukungu chini, mimina mafuta ya juu taratibu na uyaache yale ya chini, hata kama roho inakuuma kuyapoteza. Ndipo uyatie katika chupa ya rangi ya kahawia au kijani na kuyaweka gizani.

Kuhusu mafuta ya msingi, ya nazi hukaa muda mrefu bila kuchacha, ila huganda. Ya alizeti hayagandi, lakini huchacha mapema kwa sababu hushikwa na hewa upesi. Mke wangu huchanganya sehemu moja ya nazi na mbili za alizeti, na mchanganyiko huo hubaki laini hata asubuhi ya baridi. Ya parachichi ni mazuri sana kwa nywele kavu, nayo matunda tunayo huku Kilimanjaro. Wengine hutoboa vidonge vya vitamini E na kuyakamulia humo; hilo husaidia mafuta yasichache upesi, lakini haliui bakteria wala ukungu, na mtu asidhani kwamba limemsamehe kukausha majani.

Nikiwa bado katika hilo la maji, niseme jambo lisilo la nywele. Wapo wanaotumia njia hii hii kuloweka vitunguu saumu au pilipili mbichi katika mafuta ya kula na kuyaweka kabatini kwa miezi. Ndani ya mafuta hewa haifiki, na mahali pasipo hewa, penye unyevu na pasipo asidi, bakteria aitwaye Clostridium botulinum aweza kutoa sumu inayolemaza na kuua, bila kubadili harufu wala ladha ya chakula. Mafuta ya namna hiyo yatengenezwe kidogo, yakae kwenye jokofu na yaishe ndani ya siku chache.

Mkulima wa Usa River

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo Mama. Mwalimu ameyamaliza ya kuloweka, nami niruhusuni nijibu la mtambo, kwa kuwa nina miaka minne nikikeneka mchaichai na rozimeri nyuma ya nyumba yangu.

Mtambo wenyewe si wa ajabu. Nina sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ya lita 20. Chini naweka maji lita tano, juu yake kichanja cha waya ambacho hakigusi maji, na juu ya kichanja majani. Mvuke hupanda, hupita katikati ya majani, hubeba yale mafuta tete na kuingia katika mrija wa shaba uliozungushwa mara nyingi ndani ya ndoo ya maji baridi. Huko mvuke hurudi kuwa maji na mafuta, navyo hutona katika chupa. Mrija niliupata kwa fundi wa majokofu, kwa kuwa wao huuza shaba kwa mita. Maungio ya mfuniko nayaziba kwa donge la unga wa ngano, ambalo hukauka likashika vizuri na hubomoka kirahisi ukimaliza.

Yapo mambo matano ambayo sitaki mtu ayajifunze kwa kuumia. Mdomo wa mrija uwe wazi wakati wote, na ndani ya mfuniko uweke wavu ili vipande vya majani visipande na kuuziba, kwa sababu mvuke uliokosa njia hulipua sufuria. Ukitumia sufuria ya presha, usikichezee kile kizibo chake cha usalama. Fundi akiunga shaba kwa solda, hakikisha ni solda isiyo na risasi. Na usitumie bomba la plastiki wala la mpira, kwa maana mafuta haya yanapokuwa ya moto huyeyusha plastiki, na utakuwa umekusanya plastiki katika chupa yako. Pipa lililowahi kubeba dawa za kuulia wadudu hata usiliguse, hata kama limeoshwa mara kumi.

Mchaichai naukata sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini ili shina lichipue tena, naulaza kivulini siku moja unyauke, kisha naukatakata. Tone la kwanza hutoka baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na kazi nzima huchukua kama saa mbili. Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, hivyo huelea kama utando wa njano. Mimi hutumia chupa yenye shingo nyembamba ili utando huo uwe mnene, kisha nauvuta kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Mwenye kutaka kukeneka karafuu ajue kwamba mafuta yake ni mazito kuliko maji na huzama, asije akamwaga alichokuwa akikitafuta.

Sasa Mama, hesabu ndiyo itakayokuamulia. Kilo moja ya mchaichai hunipa mililita tatu, siku nzuri nne. Kichupa cha mililita 10 kinataka takriban kilo tatu za majani, saa mbili za gesi, na ndoo kadhaa za maji ya kupozea, ambayo mimi huyarudisha bustanini yakipoa. Mawaridi ndiyo yanayovunja moyo kabisa: ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi zinahitajika kilo 3,000 hadi 5,000 za maua, ndiyo maana huyaona kwa bei ile. Kwa ua wa nyumba moja sioni faida ya kujenga mtambo. Kwa akina mama kumi wenye mchaichai kila mmoja, naiona.

Watu huniuliza pia kwa nini kipimajoto chao hakifiki 100. Arusha tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 95. Moshi, ambako ni chini zaidi, kwenye 97. Hakuna kilichoharibika, na mafuta hutoka vilevile. Na kwa wale wanaohofia floraidi iliyo katika maji ya miteremko ya Meru, floraidi hubaki katika sufuria, haipandi na mvuke.

Maji yanayobaki chini ya mafuta usiyamwage. Yana harufu nzuri, ni ndugu wa yale marashi ya waridi ya pwani, nasi huyanyunyizia mashuka. Ila hayana kinga yoyote, kwa hiyo yawekwe kwenye jokofu na yatumike ndani ya wiki chache.

Neno la mwisho kwangu: mtambo huu kwa umbo ni ndugu wa ule wa gongo, ambayo sheria imeikataza, na jirani akiona mrija unatona ana haki ya kushangaa. Kabla ya kuwasha moto mara ya kwanza nilimwita mwenyekiti wa kitongoji aje aone na anuse, na tangu siku hiyo sijasumbuliwa.

Mama wa Sakina (Arusha)

Marahaba mwanangu, na Mwalimu nakushukuru sana. Nimeshatundika vifungu vya rozimeri stoo. Hesabu ya kilo tatu kwa kichupa kimoja imenifumbua macho, na nimeacha wazo la mtambo wa peke yangu. Nina swali dogo. Ukutani nina asumini inayochanua sana. Je, nayo niikaushe kama rozimeri? Niliyoyakausha mwaka jana yalibaki kama nyasi, hayakunukia hata kidogo.

Binti wa Pangani (Moshi)

Dada yangu, asumini haikaushwi. Mimi nimezaliwa Pangani na nimeolewa Pasua, hapa Moshi, na kwetu tunayatia maua katika mafuta yakiwa mabichi, kinyume na alivyosema Mwalimu, naye anisamehe. Jani la rozimeri hutunza harufu yake likikauka, lakini asumini hunukia tu ikiwa hai, na tena huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa. Ukiichemsha umeiua.

Bibi yangu alituchumisha magharibi, vikonyo vinapoanza kufunguka. Tulivitandaza juu ya ungo uliofunikwa kanga kwa muda mfupi ili unyevu wa juu uondoke, tukaondoa kila kijiti na kila jani, ndipo vikatiwa katika bakuli la mafuta ya nazi yaliyo vuguvugu tu, kiasi cha kuvumilika kwa kidole. Asubuhi maua ya jana huchujwa yote, hayakai siku ya pili kamwe, na jioni huwekwa mapya katika mafuta yale yale. Alirudia hivyo siku saba, mara nyingine kumi, kutegemea maua. Hapo ndipo harufu inapokolea, na mafuta hayachachi kwa sababu ua halikupewa nafasi ya kuoza ndani yake. Mlangilangi aliufanyia vivyo hivyo. Mafuta hayo yalikuwa ya bibi harusi, pamoja na kikuba cha maua cha kuvaa, na hata leo nikiyanusa naiona baraza ya nyumba yetu.

Nimewahi kusoma kwamba katika mji wa Grasse, huko Ufaransa, watengenezaji wa manukato walitumia njia ya jamaa moja na hii: walitandaza asumini juu ya shahamu iliyopakwa kwenye vioo na kubadilisha maua kila siku. Nilifarijika, kwa kuwa bibi yangu hakuwahi kufika hata Dar es Salaam.

Kwa Arusha ninyi mtasumbuliwa na baridi, kwa kuwa mafuta yakiganda hayavuti harufu kama yakiwa laini. Fanya kazi hii Januari au Februari, au uweke bakuli ndani ya beseni la maji ya vuguvugu kila jioni. Na chagua mafuta ya nazi yasiyo na harufu kali ya nazi, la sivyo nazi itaishinda asumini.

Mwalimu wa Kiboriloni (Moshi)

Binti wa Pangani yuko sahihi, na kanuni yangu ya kukausha naipunguza: ni ya majani yatakayokaa ndani ya mafuta kwa muda mrefu au kupashwa joto. Ua linalokaa usiku mmoja na kutolewa ni jambo jingine. Hata hivyo, siku ya mwisho tulizeni mafuta na kuyatazama chini kwa ajili ya maji, kama nilivyosema.

Mfamasia wa Njiro

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na kwa kuwa Mama ametaja wajukuu na pia biashara, naomba niongeze ya upande wangu.

Mafuta tete yaliyotoka katika mtambo yasipakwe kavu kavu mwilini. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango cha kawaida cha mafuta ya mwili ni asilimia mbili, yaani kama matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya msingi, na kwa uso nusu ya hapo. Lakini si kila mmea unavumilika kwa kiwango hicho. Mchaichai una kemikali nyingi iitwayo sitrali, ambayo huwasha ngozi za watu wengi, hivyo usizidi asilimia 0.7, na karafuu usizidi 0.5. Kabla ya mtu yeyote kutumia, apake kidogo ndani ya mkono na kusubiri siku moja hadi mbili. Anayekamua maganda ya ndimu ajihadhari zaidi, kwa sababu mafuta yake yakiwa kwenye ngozi na jua likawaka, huacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi.

Kwa wajukuu, mafuta yaliyolowekwa rozimeri kidogo kwa kupaka miguuni au mwilini sina wasiwasi nayo sana ikiwa wamevuka umri wa uchanga na ngozi zao hazina vidonda. Mafuta tete ya mkaratusi na ya vivumbasi vyenye kafuri yawekeni mbali nao kabisa. Kivumbasi ambacho wanabotania wamekipa jina la mlima wetu, Ocimum kilimandscharicum, ni maarufu kwa wingi wa kafuri, na kafuri ikimezwa na mtoto, hata kwa kiasi kidogo, yaweza kumletea degedege. Nimeona wazazi wakiyapaka mafuta ya mkaratusi puani mwa kichanga mwenye mafua. Tafadhalini msifanye hivyo, kwa kuwa yaweza kumbana pumzi. Mwenye kifafa naye ajiepushe na mafuta yenye kafuri nyingi. Na chupa hizi zikae mahali pa juu, zikiwa na maandishi, kama tunavyoweka dawa. Asiyekuwa na hakika na kivumbasi alichonacho anaweza kupeleka tawi lenye maua Ngaramtoni, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, wakalitambua.

Kuhusu nywele, najua ndiko soko liliko. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanaume 100 wenye upara wa kurithi, ambao walitumia ama mafuta tete ya rozimeri au dawa ya minoksidili ya asilimia mbili kwa miezi sita, na mwishoni makundi mawili hayakutofautiana sana. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni utafiti mmoja mdogo, wa mafuta tete na si ya kuloweka, wala hakukuwa na kundi lisilopewa chochote la kulinganisha nalo. Kwa hiyo Mama, chupa zenu zikiandikwa kwamba zinalainisha nywele na kunukia vizuri mtakuwa mmesema kweli. Zikiandikwa kwamba zinaotesha nywele zilizokwisha kung'oka, mtakuwa mmemwahidi mtu jambo msiloweza kulithibitisha.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kikundi kikitaka kuuza, kianze kwa kuzungumza na ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iliyopo Arusha na Moshi pia, kuhusu vifungashio, lebo na mahali pa kutengenezea, kabla ya kununua hata chupa moja. Nimewaona watu walionunua chupa elfu moja kwanza, kisha wakaambiwa lebo zao hazifai.

Mama wa Sakina (Arusha)

Nimerudi baada ya wiki tano kuwapa mrejesho, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Rozimeri ilichukua siku 11 kukauka stoo. Nilitumia mchanganyiko wa nazi na alizeti wa mke wa Mwalimu, gramu 50 kwa nusu lita, saa tatu, kitambaa juu. Asubuhi niliona chini mafuta kidogo yenye ukungu, kama kijiko kimoja, nikayaacha. Yaliyobaki yana rangi ya kijani kibichi, na leo ni wiki ya tatu yakiwa angavu bila harufu mbaya. Harufu yake ni ya upole, si ya kujaza chumba, lakini nikiyapaka kichwani naisikia hadi kesho yake, na ni ile ile ya ua wangu. Mjukuu wangu mkubwa tulimjaribu mkononi siku mbili, hakuwashwa, sasa anapakwa miguuni baada ya kuoga.

Asumini nimeiahirisha hadi Januari kama Binti wa Pangani alivyoshauri. Kile kivumbasi cha kando ya bomba nilikipeleka Ngaramtoni, nami nimeacha kabisa kuwapaka watoto hadi nipate majibu.

Katika kikundi tuko saba wenye mchaichai. Tumekubaliana kuukata Ijumaa jioni, tuulaze kivulini, na Jumamosi tuupeleke Usa River kwa mwanangu, ambaye amekubali kutukenekea mara moja ili tuone kwa macho kiasi tutakachopata na gesi itakayotumika kabla hatujachanga fedha za mtambo. Nimempimia wa kwangu kwa mizani ya dukani: kilo nne na robo. Mwanangu, tafadhali niambie kama tuukatekate huku huku au tuje nao mzima.

Mkulima wa Usa River

Mama, njooni nao mzima, umefungwa katika magunia ya katani na si ya plastiki ili usivunde njiani. Tutaukatakata hapa wakati maji yanapata moto, kwa sababu ukikatwa saa nyingi kabla, harufu huanza kupotea. Mje na chupa ndogo za kahawia, ziwe zimeoshwa na kukauka kabisa.